Kwenda Gereza la Kilwa Kisiwani: nenda na maji, na Gereza liache la mwisho

Watu wengi wakienda Kilwa Kisiwani wanafanya hivi. Boti inakaribia kisiwa, wanaliona Gereza limesimama pale ufukweni, wanashuka mbio mpaka mlangoni, picha tano sita, ndani dakika kumi, afu wanazungushwa magofu mengine jua la saa saba likiwa utosini, wanarudi kwenye boti wamechoka hoi wanasema "kumbe ni mawe tu". Hilo neno linaniuma sana. Mi mtu wa Lindi mjini, mama yangu mdogo kaolewa Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, kwahiyo ule mkono wa bahari nimeuvuka mara nyingi, na wageni, na watoto wa ndugu, na peke yangu, na makosa mengi ambayo ntakwambia usiyafanye nimeshayafanya mwenyewe. Ukisahau yote humu shika mawili tu, panga safari yako kwa kufuata maji ya bahari sio kwa kufuata saa ya mkononi, na Gereza liwe la mwisho hata kama ndio kitu cha kwanza unachokiona.

Kwanza jina, mana linapotosha. Kila mtoto niliyempeleka ameuliza "walifungwa nani humu?" Ilikuwa ngome. Wanaofuatilia asili ya maneno wanasema gereza limetoka kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa, mana ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, afu baadaye ngome hizohizo zikawa zinatumika kufungia watu na neno likabaki na maana hiyo tunayoijua leo. Kwahiyo ukisikia "Gereza" Kilwa, fikiria mzinga na askari anayelinda bandari.

Historia yake kwa ufupi, uwe nayo kichwani kabla hujapanda boti. Mwaka 1502 Vasco da Gama alipita Kilwa akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon ikatengenezewa chombo cha ibada, kilikamilika 1506, mpaka leo kipo makumbusho kule. Mwezi wa saba 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na meli za kivita, wakauteka mji, wakajenga ngome fasta wakaiita Santiago. Hawakukaa. 1512 wakaondoka, biashara waliyoitegemea haikuwalipa. Ngome unayoiona imesimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, waliijenga karibu na mwaka 1800 palepale pa Wareno. Na katikati hapo usiruke jambo moja, 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa anaitwa Morice aliingia mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Ufaransa huko Bahari ya Hindi. Ukiwa umesimama mlangoni pa Gereza ukaangalia ule mlango wa bahari, hilo nalo ulikumbuke, kwamba hii bandari ilikuwa inagombaniwa kwa dhahabu na pembe na watu pia.

Kufika Masoko

Ukitoka Dar mabasi ya kusini mengi utayapata upande wa Mbagala, unapita Daraja la Mkapa pale Rufiji, unafika Nangurukuru, hapo ndio njia panda. Kulia... hapana, ngoja niseme vizuri, ukitokea Dar unakata kushoto kuelekea baharini, ukitokea Lindi au Mtwara unakata kulia. Dar mpaka Masoko ni kama kilomita 300 hivi. Sisi wa Lindi ni karibu zaidi, ukitoka alfajiri saa nne asubuhi ushafika. Kama basi lako linaendelea mbele mwambie konda mapema kabisa kwamba unashuka Nangurukuru, ukifika hapo kuna gari ndogo za kwenda Masoko na Kivinje, zinajaa ndio zinaondoka.

Mvua za masika uzichukulie siriasi. Mwezi wa tatu mpaka wa tano barabara ya kusini inaweza kukatika, mwaka 2024 mwanzoni mwa mwezi wa tano kilipopita kimbunga Hidaya maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na watu walikwama njiani. Kama unaweza kuchagua, njoo kuanzia mwezi wa sita. Hapo upepo ni kusi, asubuhi bahari ni tulivu afu inaanza kuchafuka kadri jua linavyopanda, hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri. Mwezi wa saba na wa nane jioni kusi ikivuma vizuri utalowa maji ya chumvi wakati wa kurudi, weka simu kwenye mfuko wa nailoni.

Na usije ukafikiri utatoka Lindi asubuhi, uvuke, uzunguke, urudi Lindi jioni. Inawezekana, nimeifanya, ni mateso. Lala Masoko. Gesti zipo za bei zote, na ukilala ndio unapata ile asubuhi ambayo ndio siri ya safari nzima.

Ruhusa na mtembezaji

Magofu yako chini ya serikali, yanasimamiwa na TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, na ni urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara tangu 1981. Kwahiyo haupandi boti tu ukaenda. Unapita kwanza ofisini pale Masoko, unaandikisha jina, unalipa kiingilio kwa kontro namba, unapewa risiti. Chukua kitambulisho mana bei ya Mtanzania na ya mgeni ni tofauti. Nenda jioni ya siku unayofika, usisubiri asubuhi yenyewe, asubuhi mtandao ukisumbua maji yanakuacha.

Mtembezaji chukua. Najua kuna watu wanaona ni hela ya bure, "nitasoma kwenye simu". Kisiwa kina watu wanaishi, kina vijia vingi, kina misikiti ya kale na makaburi ambayo watu bado wanayaheshimu, na mtu wa pale anajua wapi unaweza kuingia na wapi unasimama nje. Afu mtembezaji mzuri anatoka kisiwani kwenyewe, bibi yake amezaliwa pale, anakuonyesha kisima ambacho watu wa kwao wamechota maji toka utotoni. Hiyo haipo kwenye simu. Kabla hamjaondoka kubalianeni bei, na mwambie wazi, "kaka, mi sina haraka, nataka nianzie mbali, Gereza tumalizie". Wengi watashangaa mana wamezoea wageni wenye haraka.

Maji

Hapa ndio pa kutulia. Mama mdogo wangu ukimwambia kesho unavuka hakuulizi unaondoka saa ngapi, anatoka uani anaangalia mwezi. "Mwezi wa ngapi leo?" Anamaanisha umeandama siku ngapi. Mara ya kwanza nilidhani anaongelea mambo ya funga, kumbe anapiga hesabu ya maji.

Hesabu yenyewe iko hivi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita na kitu, na kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Na kwa pwani yetu hii siku za bamvua yenyewe maji yanapwa kabisa mida ya saa nne asubuhi, yanajaa mida ya saa kumi jioni. Sasa fikiria, ukienda siku hiyo unavuka saa mbili maji yanakimbia, ukifika unatembea kwenye matope, na jioni Gereza limezungukwa na maji upande ambao ndio ulitakiwa uuone.

Siku nzuri ni ya nne au ya tano baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Hapo asubuhi mapema maji yamejaa, unavuka vizuri unashukia karibu, yanaanza kutoka ukiwa unazunguka, mida ya saa saba au saa nane mchana yamepwa na bado yanatoka mbali mana bamvua haijaisha nguvu, unashuka ufukweni chini ya Gereza miguu mikavu, afu yanarudi saa tisa saa kumi na boti inaelea yenyewe. Hesabu ni ya kukadiria, usiku wa kuamkia safari muulize nahodha, yeye ndio anajua kwa nusu saa.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kupuuza. Nilikuwa na wageni kutoka Dodoma, familia, watoto watatu, nikapata mtu wa boti kwa nusu bei nikafurahi, hatukuongea saa ya kurudi, hatukuongea maji. Tunarudi ufukweni boti imelala ubavu kwenye mchanga, bahari iko kule mbali. Tulikaa mpaka giza linaingia, watoto wana njaa, maji ya kunywa yameisha, mama yao kanyamaza kimya kile kinachotisha kuliko maneno. Bibi mmoja wa pale kijijini akatuletea mihogo ya kuchemsha na maji bila kuuliza kitu. Ndio maana nasema, bei ya boti sio kitu cha kwanza kuongea. Cha kwanza ni "tutarudi saa ngapi na maji yatakuwa wapi".

Boti zenyewe, kuna za fiba zenye mashine na kuna mashua ya tanga. Mashine ni dakika chache tu, ni kama kilomita mbili. Tanga inategemea upepo ila nakushauri kama upepo ni mzuri uende nayo walau upande mmoja, mana hivyo ndivyo watu walivyoingia Kilwa kwa karne zote hizo, na Gereza likisogea taratibu kimya kimya bila kelele za injini unaelewa kwa nini walilijenga pale. Jaketi la kuokolea livae, sio uliweke miguuni. Kama nahodha hana, tafuta mwingine.

Cha kubeba na adabu ya kisiwa

Maji lita mbili kila mtu. Kofia. Viatu vyenye soli ngumu vya kufunga, sio ndala, mana ufukweni kuna chaza waliogandia kwenye mawe wanakata kama wembe. Kina dada bebeni kanga au mtandio, kina kaka acheni bukta fupi, ni kijiji cha Waislamu na unapita mbele ya nyumba za watu. Ukimkuta mzee amekaa barazani shikamoo inatangulia kabla ya kamera. Na picha ya mtu unaomba. Watoto usiwagawie hela, kama una moyo wa kusaidia agiza chakula, mwambie mtembezaji asubuhi mkishuka, akina mama wa kijijini watawapikia wali na samaki na mtaukuta mchana, hela inabaki palepale.

Anzia mbali

Ukishuka, Gereza liko hapo, liangalie, lisalimie, pita. Nenda Husuni Kubwa kwanza wakati jua bado halijakomaa, ni mwendo wa kama kilomita moja na nusu kuelekea mashariki, unapita kwenye mashamba na mibuyu. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo ndio Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lipo juu ya mwamba, lina bwawa la kuogea la pembe nane, kaa ukingoni mwa lile bwawa upumzike uangalie bahari. Sarafu za shaba za huyo sultani, moja iliokotwa Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa mawe kule Zimbabwe, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Australia jamani. Kutoka hapa kwetu Lindi.

Ukirudi, Msikiti Mkuu. Kuna sehemu ya zamani ya karne ya 11 na sehemu iliyoongezwa baadaye yenye nguzo na makuba, simama katikati uangalie juu. Makutani, ile nyumba kubwa yenye maboma, mnaipita, na mtembezaji atakuonyesha makaburi. Sitaki kukuelezea yote, ntakumalizia utamu, ila ninachotaka ni kwamba ukishaona haya ndio unakuwa na macho ya kulitazama Gereza. Mana ukianza na Gereza unadhani historia ya Kilwa inaanza na Mreno. Ukilimalizia, unajua kwamba Mreno alikuja akaukuta mji wa mawe wenye msikiti wa makuba na umri wa karne kadhaa. Ni tofauti kubwa mno. Watoto wetu hasa waone kwa mpangilio huo.

Sasa Gereza

Saa saba, saa nane, umeshakula, maji yametoka. Usiingie mlangoni. Shuka ufukweni kwanza.

Kutoka chini hapo ndio unaona urefu wa kuta na unaona kwa nini hili jengo karibu tulipoteze. Bahari imekuwa inakula ufukwe miaka mingi, mawimbi yakawa yanachimba mpaka karibu na msingi, upande wa baharini ukawa unadondoka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati kuta na kuzuia mmomonyoko, na wanakijiji wenyewe walishika mikono katika kazi hiyo, mikoko ikapandwa. Ukiangalia vizuri utaona mahali ambapo chokaa ni mpya na mawe yamepangwa upya, na mahali ambapo ukuta ni wa kale wenyewe una rangi ya kijivu cheusi. Tafuta mstari huo. Tembea nao.

Na miguuni mwako hapo mchangani utaona vigae. Vipande vya vyungu vyekundu vya kwetu, na ukibahatika kipande cha sahani ya China, cheupe chenye ua la bluu, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Chuchumaa ukiangalie. Mi kuna kimoja nilikikuta kimelowa, bado kinang'aa, ule mchoro wa bluu una alama ya brashi ilipoanzia na ilipoishia, mtu fulani China aliuchora na ukasafiri mpaka hapa ukavunjikia hapa. Nilikirudisha palepale, na upande uleule uliokuwa juu. Usikibebe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, lakini hata bila sheria, kigae kikiwa pale kina habari, wataalamu wanakisoma pamoja na vilivyo jirani yake, kikiwa kwenye droo yako Mbezi hakisemi kitu.

Halafu sasa panda, njoo mlangoni. Mlango ni wa mbao wenye nakshi, usiushike shike, mafuta ya mikono yetu na jasho yanaharibu. Angalia nakshi kwa karibu kwa macho tu. Ukiingia utakuta kiwanja wazi katikati na vyumba vimekizunguka. Jengo ni la mraba, lina minara miwili ya duara kwenye pembe mbili zinazotazamana, na hiyo ni akili ya kivita, mlinzi aliye kwenye mnara mmoja anaona kuta mbili kwa urefu wake wote, na wa mnara wa pili anaona zile mbili zilizobaki, kwahiyo kwa minara miwili tu hakuna ukuta unaobaki bila jicho. Simama kwenye kila tundu la bunduki uchungulie uone linalenga wapi. Mengine yanalenga bahari ila sio yote. Fikiria ni nani waliyekuwa wanamwogopa wa nchi kavu.

Afu inua macho ukutani. Utaona mstari wa mashimo, yamepangana usawa mmoja, kama umbali wa mkono kutoka shimo mpaka shimo. Hapo ndipo boriti zilikuwa zinaingia, miti ya mikoko, ikabeba sakafu ya ghorofa ambayo imeshaanguka. Kwahiyo hapo ulipo juu yako palikuwa na watu wanatembea. Pima upana wa chumba kwa hatua zako, utakuta ni chembamba, vyumba vyote vya mawe pwani hii viko hivyo, virefu na vyembamba, sababu ni moja, boriti ya mkoko haifiki zaidi ya mita tatu bila kupinda. Mti ndio uliamua nyumba iwe na upana gani. Tangu nilijue hilo siwezi kuingia nyumba yoyote ya kale bila kupiga hatua.

Na mawe. Sogea karibu kabisa na sehemu ambayo lipu imebanduka. Sio jiwe la mlimani, ni matumbawe, mengine yana vitundu vidogo vidogo kama nyota zimebanana, hao walikuwa wadudu hai baharini. Chokaa inayoyashika nayo ni matumbawe, yalichomwa juu ya rundo la magogo mpaka yakawa unga. Jengo zima ni bahari na mkoko. Mtoto wa dada yangu nilipomwambia hivyo alinyamaza afu akasema "kwahiyo mamdogo bahari inachukua vitu vyake". Alikuwa na miaka tisa.

Kitu kimoja tafadhali. Kuna watu wameandika majina yao kwenye lipu kwa misumari. Majina, mwaka, moyo na mshale. Usiandike, na ukiwa na kundi la wanafunzi waambie kabla ya kuingia sio baada. Usipande juu ya kuta kupiga picha, zinaonekana ngumu ila chokaa imechoka, jiwe moja likitoka maji ya mvua yanaingia humo na masika yanayofuata yanaondoka kumi. Picha nzuri unaipata ukiwa chini ufukweni mida ya saa tisa jua likianza kulala, kivuli kinaingia kwenye kila tundu na nakshi inaonekana bila mwanga wa kamera.

Kaa humo ndani lisaa limoja. Nakuomba. Kaa chini uegemee mgongo hewa tu sio ukuta, nyamaza, utasikia upepo unapita matundu ya minara na popo wakijigeuza huko juu. Watu wako waache wasubiri kidogo.

Kesho yake

Kama umelala Masoko na una nusu siku, pitia Kilwa Kivinje kabla hujatoka, iko njiani kurudi Nangurukuru, unakata kulia. Huko ndiko biashara ilihamia karne ya 19 Kisiwani ilipofifia, misafara ya pembe na watumwa kutoka bara ilikuwa inamalizikia pale, na Wajerumani wakaja kuweka boma lao ufukweni, sasa hivi ni gofu, mizizi imeingia kwenye kuta. Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na mtaa unakumbuka, ulizia Mwembe Kinyonga utaonyeshwa. Miaka kumi baadaye, 1905, vita vya Majimaji vikawaka kwenye milima ya Matumbi huko nyuma yake. Boma la Kivinje halina geti wala tiketi kama Kisiwani na halijashikiliwa vizuri, angalia unapokanyaga, usiende chini ya matao yaliyopasuka, na ukikuta wazee wanacheza bao karibu na soko kaa nao, salamu kwanza, afu uliza habari za boma, utapewa zaidi ya ulichouliza.

Wa Mtwara ambao Kilwa ni mbali, Boma la Mikindani la 1895 liko karibu na nyinyi, ila lile limekarabatiwa ni hoteli, sio gofu. Nenda unywe chai uangalie mlango, halafu panga Kilwa ya mwezi wa sita.

Gari za kutoka Kivinje kwenda Nangurukuru mchana zinapungua, kwahiyo ukifika tu muulize mwenye bajaji gari ya mwisho inatoka saa ngapi. Na mwezi ukiandama andika tarehe kwenye simu, hesabu siku nne, piga simu kwa nahodha.